Tundu Lililokataa Kuziba

Siku ya nne ya homa, tundu la sindano chini ya bega la Jebbeh lilikataa kuziba.

Halikuwa tundu la kutisha. Lilikuwa dogo kama jicho la sisimizi, na lilitoa damu kidogo kidogo, bila haraka, kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Asubuhi mama mkwe wake, Mama Tewa, alilifunga kwa kitambaa cheupe. Kufikia saa nne kitambaa kilikuwa chekundu, akafunga kingine. Kufikia adhuhuri na hicho kililowa, na vitambaa vyeupe vikawa vimekwisha nyumbani.

"Baba Vandi," aliita akichungulia barazani, "hebu njoo uione kazi yako."

Mumewe, Mzee Lahai, alikuwa amekaa barazani na begi lake la ngozi mapajani. Huku kwetu Umendeni, mashariki ya Sierra Leone, mtu wa aina yake tunamwita daktari pilipili. Hana cheti wala zahanati. Ana begi na miguu, basi, na hupita kijiji hadi kijiji akiuza vidonge na kudunga sindano. Mzee Lahai alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na kijiji kizima cha Ngiyehun kilimwita Dokta tu, pilipili walishaimeza zamani. Wanasema vidonge begini mwake vilikuwa vingi hata akitembea vinalia kama njuga, na wagonjwa wa kijiji cha tatu wakisikia mlio ule wanaanza kupata nafuu kabla hajafika. Wanasema pia aliwahi kumdunga beberu mmoja aliyekuwa akisumbua watu kwa kelele, na beberu yule hakulia tena mpaka siku ya kuchinjwa, na hata siku hiyo aliwatazama tu.

Aliingia chumbani, akainama juu ya mkwe wake. Jebbeh alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alilala chali, uso umemvimba, macho mekundu, koo linamuuma hata mate yalimshinda. Mzee Lahai alikuwa amemdunga begani kwa heshima tu, maana pale sindano zinapodungwa hasa si mahali pa baba mkwe kupatazama.

"Ni damu ya homa hiyo," alisema. "Damu chafu. Iache itoke."

"Tangu jana asubuhi?"

"Ni chafu sana."

Mama Tewa akaenda kurarua shuka.

Jioni hiyo Vandi, mwana wao, mume wa Jebbeh, alirudi kutoka kufyeka shamba jipya. Aliweka panga chini, akachota maji akampa mkewe asukutue. Jebbeh alisukutua, akatema. Bakuli likawa jekundu. Akasukutua tena, likawa jekundu tena. Ufizi wote ulikuwa ukivuja, na hakuna mtu aliyeugusa.

"Kesho nampeleka hospitali," Vandi alisema.

"Hospitali gani?" baba yake aliuliza.

"Ile ya wilaya. Kuna wodi ya homa."

"Yaani nyumba ya Dokta imtoe mgonjwa impeleke kwa dokta mwingine. Watu wakituona njiani tuwaambie nini? Kwamba nilisahau dawa zangu zinakaa mfuko gani?"

"Tuwaambie anatoka damu, Baba."

"Nimempa sindano ya maumivu, nimempa unga wa homa. Joto limeshuka. Umemgusa paji la uso? Limeshuka."

Na kweli lilikuwa limeshuka. Hilo ndilo lililomchanganya mzee. Kila alipompa vile vipakiti vya unga wa aspirini, viwili viwili kwenye uji, joto lilishuka, jasho likamtoka, na kwa miaka thelathini na moja jasho ndilo lililokuwa shahidi wake. Damu hakuwahi kuipeleleza. Nani anapeleleza damu? Ukijikata inatoka, ukingoja inaacha.

Asubuhi jirani yao, mama mmoja mwenye maneno, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Aliona bakuli, akasimama mlangoni. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, huku akitabasamu, akisema amesahau chungu jikoni. Tangu ile Ebola ituonyeshe ilichotuonyesha, watu wa huku wanajua kurudi nyuma huku wakitabasamu. Kabla jua halijapanda, hakuna aliyepita karibu na nyumba ya Dokta.

Mzee Lahai aliitazama njia tupu mbele ya nyumba yake. Akasema, "Haya. Mpeleke."

*

Mwenye pikipiki alikubali kuwachukua, lakini kwanza alitandika mfuko mtupu wa mbolea juu ya kiti.

"Si kwa ubaya, kaka," alimwambia Vandi. "Kiti hiki ndicho kinachonilisha."

"Tandika," Vandi alisema.

Kisha akaomba mgonjwa afungwe kitambaa mdomoni. Kisha akaomba mgonjwa asimwegemee mgongoni. Vandi alikaa katikati, akamfunga Jebbeh kwa kanga kwenye mgongo wake mwenyewe, kama mama anavyobeba mtoto, na hivyo ndivyo walivyokwenda maili kumi na nne za vumbi. Shati la Vandi lilianza safari likiwa la manjano.

Wazee walifuata kwa lori la mbao. Mzee Lahai alilibeba begi lake.

*

Nesi wa wodi ya homa aliitwa Massah. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuwaamrisha watu hata akisalimia. Alivaa joho la plastiki, mabuti, glavu mbili mbili na miwani mikubwa iliyomfanya aonekane kama chura mwenye elimu. Alimwingiza Jebbeh ndani, akamchoma kidole, akachukua damu, akatoka baada ya saa moja akiwa amevua kila kitu na mikono inanuka klorini.

"Ni homa ya Lassa," aliwaambia pale kwenye benchi. "Ya panya. Mbegu zenu za mpunga mnaziweka wapi?"

"Chumbani kwake," Mama Tewa alijibu. "Chini ya kitanda. Tunaogopa mwizi."

"Mwizi yumo humo humo chumbani, Mama. Ana mkia. Anakojoa juu ya mpunga, juu ya shuka, juu ya kila kitu." Akamgeukia Mzee Lahai. "Na hili tundu begani? Nani kamdunga?"

Mama Tewa alitazama vidole vya miguu yake. Vandi alimtazama baba yake.

"Mtu mmoja anayepita," Mzee Lahai alisema. "Hawa wauza dawa."

"Alimdunga nini?"

"Vitamini, nafikiri."

"Na vidonge? Amekunywa nini nyumbani? Nataka kila kitu, hata majani."

"Majani tu. Na paracetamol moja moja."

Sista Massah aliandika. Aliandika alichoambiwa, maana kalamu haijui kunusa. Mzee Lahai alikuwa amevuta begi chini ya benchi kwa kisigino, taratibu, mpaka likapotea nyuma ya miguu yake.

Sheria ya wodi ilikuwa kwamba ndugu hawaingii. Walipika kwenye kibanda uani, mkabala na madirisha ya wagonjwa, kisha mhudumu akaja mlangoni kuchukua bakuli. Kazi ya uji wa alfajiri aliichukua Mzee Lahai mwenyewe.

"Tangu lini unajua kukoroga uji?" mkewe aliuliza.

"Magoti yako yanakuuma. Lala kidogo."

Mama Tewa aliguswa. Miaka thelathini na saba ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza mume wake kusema lolote juu ya magoti yake.

Na kila alfajiri, kabla ya swala, Mzee Lahai alikoroga uji wa mchele, akautia sukari, akaugeuzia mgongo mlango wa kibanda, na kuutia vipakiti viwili. Jioni vingine viwili kwenye mchuzi. Hakuwa na nia mbaya. Hilo lieleweke. Aliamini sista ana dawa yake ya mrija, na yeye ana ya kwake, na mgonjwa akipona, moyoni atajua ni mkono wa nani.

*

Siku ya sita wodini homa ilianza kulegea, lakini damu haikulegea. Ilitoka puani. Ilitoka kila mahali mrija ulipochomwa. Chini ya ngozi mikono ilikuwa na madoa ya zambarau, kama mtu aliyepigwa na watu asiowaona. Sista Massah alichukua damu ya Jebbeh kwenye kijichupa cha kioo, akakiweka mahali salama, akangoja dakika ishirini, akakiinamisha. Damu ilikuwa imeganda. Akatikisa kichwa. Kisha akatazama tundu la begani, ambalo sasa lilikuwa na siku nane, na lilikuwa bado wazi.

Alitoka nje akaketi kwenye benchi, jambo ambalo hakulizoea.

"Mama," alimwambia Mama Tewa, "wewe umevua samaki kijitoni?"

"Mimi? Muulize mtu mwingine kama kuna samaki nimemwacha."

"Kiangazi mkitaka kuziba kijito mchote maji, mnaanza na nini?"

"Na mawe. Unayapanga yashikane. Halafu majani na matope, unapaka juu. Mawe peke yake yatavuja. Matope peke yake yatachukuliwa na maji."

"Damu nayo ndivyo inavyojiziba. Mwili una vijiwe vyake vidogo, huvioni kwa macho. Pakitoboka, vinakimbilia pale, vinashikana. Halafu ini linaleta matope yake, linapaka. Homa hizi za kutoka damu zinaharibu mambo yote hayo, kila moja kwa namna yake. Nyingine zinaufanya mwili uzibe ovyo ovyo ndani kwa ndani, mpaka matope yanaisha, na pale panapotoboka kweli hapana cha kupaka. Hii ya Lassa inalainisha kuta za mishipa zivuje, na vijiwe inavilewesha. Vipo, vinapita, lakini havishikani."

"Kama vijana wetu siku ya kazi ya kijiji," Mama Tewa alisema.

Sista alicheka kidogo, kisha akaacha. "Matope yake yapo. Nimeyaona kwenye kichupa, damu imeganda. Vijiwe ndivyo vimelala. Na vimelala kupita nilivyozoea kuona. Ningekuwa sijaambiwa kwamba hakunywa kitu, ningesema kuna mtu anampa aspirini."

"Aspirini si ya homa?" Vandi aliuliza. "Watu wote wanakunywa."

"Kwa homa hii ni kumwaga maji kwenye mashua inayozama. Kijiwe kikiguswa na aspirini hakiamki tena mpaka kinakufa. Siku saba, nane, kumi. Na zile sindano za maumivu ni ndugu yake."

Mzee Lahai alilisukuma begi kwa kisigino, likaingia ndani zaidi chini ya benchi.

"Sasa," Sista Massah alisema, "anahitaji vijiwe vipya. Damu mbichi, ya mtu mzima, iliyotoka leo leo. Vandi, kipimo chako kinakubaliana naye. Twende nikutoe, nimtundikie sasa hivi. Hatuna mwingine. Nimetafuta mji mzima."

Vandi alisimama kabla sentensi haijaisha.

Wakati huo huo mhudumu wa wodi alitokea kibandani na bakuli la pili la uji, lile ambalo Mzee Lahai alikuwa amelitayarisha, na unga humo, kwa ajili ya saa nne kwa kuwa bakuli la alfajiri Jebbeh alilimaliza lote. Mzee aliinuka akaenda kumlaki. Akajikwaa mahali ambapo hapakuwa na jiwe, akaanguka na kiwiko chake juu ya bakuli, na uji wote ukaenda chini.

"Pole, Baba," mhudumu alisema.

"Uzee," alisema Mzee Lahai kutoka ardhini.

Aliinuka akijipangusa. Kwa muda wa kufumba na kufumbua aliona ameokoka: uji umemwagika, hataweka tena, damu ya Vandi itaingia, binti atapona, na hakuna mtu aliyejua neno. Ndipo likamjia jingine, nalo lilimjia polepole kama mtu mwenye habari ya msiba. Bakuli la alfajiri lilikuwa tumboni mwa Jebbeh tayari. Unga bado ulikuwa ukizunguka katika damu yake. Vijiwe vya Vandi vikiingia sasa vitaukuta unga umekaa mlangoni, unavingoja.

Na hapakuwa na mwingine mji mzima.

*

Alimkuta Sista Massah nyuma ya tangi la maji, akinawa kabla ya kwenda kumtoa Vandi damu.

"Sista. Ulisema aspirini."

"Nilisema."

"Ikiwa mtu, tuseme, amempa."

"Mtu gani?"

"Tuseme mtu tu."

Sista Massah alifunga bomba. "Huyo mtu tu, amempa ngapi?"

"Vipakiti viwili asubuhi. Viwili jioni."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Maji yalidondoka kwenye vidole vyake. Hakuyapangusa. "Na sindano?"

"Mbili. Za maumivu."

"Ulisema vitamini."

"Nilisema."

"Cha mwisho amepewa lini? Baba, siwezi kumwuliza mtu tu. Nakuuliza wewe. Saa ngapi?"

Mzee Lahai alikuwa mtu aliyezoea watu wamwinamie wanapompa mkono. Alitazama bomba. "Leo alfajiri. Kabla ya swala. Kwenye uji. Mimi."

Sista Massah alihesabu kwa vidole, mara mbili. "Ningekuwa naitundika sasa hivi," alisema, si kwake hasa. "Nusu ya damu ya mwanao ningekuwa naimwaga bure." Kisha akamnyoshea kiganja. "Lete."

Alifungua begi. Alitoa vipakiti vyote, na vichupa, na sindano zilizochemshwa mara nyingi hata namba zake zimefutika. Sista alivipokea kimoja kimoja, akivihesabu, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

"Tutangoja hadi saa kumi jioni," alisema. "Unga upungue. Mpaka wakati huo avuje na mimi nimwangalie akivuja. Omba azifikishe hizo saa."

"Sista. Mke wangu na mwanangu—"

"Kuwaambia ni kazi yako. Mimi nina wodi."

Vandi alikuwa amekwisha kunja mkono wa shati. Alipoambiwa akale kwanza, arudi alasiri, alimtazama sista, kisha baba yake.

"Si ulisema sasa hivi?"

"Nimesema saa kumi."

"Kwa nini?"

Sista Massah alimgeukia Mzee Lahai, akangoja. Mama Tewa naye akageuka. Mzee Lahai alifungua mdomo. Akaomba maji ya kunywa.

Zilikuwa saa sita za kungoja. Nimeona watu wakingoja mvua, wakingoja mtoto azaliwe, wakingoja matokeo ya kesi ya ardhi iliyoanza wakati wa babu zao, lakini benchi lile siku ile lilikuwa refu kuliko hayo yote. Saa nane sista alitoka na beseni lililofunikwa, akapita bila kuwatazama. Saa tisa alitoka na jingine. Mama Tewa alisali, akamaliza, akaanza upya kana kwamba hakusali. Vandi alikula wali wa majani ya muhogo kwa kuamriwa, akitafuna kama anayetafuna kamba. Mzee Lahai hakula. Kila beseni lilipopita alijaribu kukisia ni vipakiti vingapi vimo ndani yake.

Saa kumi Vandi alitoa damu. Saa kumi na moja ilikuwa imetundikwa, bado ina joto la mwili wake.

Kesho yake, saa nne ya asubuhi, Sista Massah alikuja kwenye benchi ameshika kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kilikuwa cheupe, na doa moja la kahawia, kavu, dogo kama punje ya mtama.

"Limeziba," alisema.

Mama Tewa alilia. Vandi alicheka kwa namna ambayo ilikuwa jamaa ya kilio. Mzee Lahai alikitazama kile kitambaa mpaka sista akakiondoa.

*

Siku ya kumi na moja wodini Jebbeh aliletwa uani akakaa kivulini, amekonda, shingo kama bua. Mama Tewa alimwita kutoka kibandani. Hakugeuka. Akaita tena. Mhudumu aliangusha sinia la bati nyuma yake, kuku wakakimbia, na Jebbeh akaendelea kukitazama kidole chake.

"Homa hii huwachukua wengine masikio," Sista Massah alieleza. "Wengine yanarudi. Wengine hayarudi."

Wengine walipoondoka, Mzee Lahai alibaki. "Ni ule unga?"

"Ugonjwa wenyewe hufanya hivyo. Unga nao unaweza kugusa masikio. Lipi limefanya, sijui. Sina hukumu ya kukupa, Baba, na wala sina msamaha."

*

Ngiyehun iliwapokea kwa ngoma. Jirani yule aliyesahau chungu ndiye aliyekuja mbele zaidi, akamkumbatia Jebbeh, akamsifu Dokta mbele ya watu: angekuwa mtu mwingine angemshikilia mgonjwa nyumbani, lakini yeye kwa elimu yake alijua wakati wa kumtoa. Watu wakaitikia. Kufikia wiki ya pili hadithi ilishaota miguu: kwamba Dokta ndiye aliyewaambia wa hospitali waisubirishe damu mpaka saa kumi, na manesi wakaandika kwenye daftari ili wajifunze.

Hakuikanusha. Hakuisema pia. Mbegu za mpunga alizitoa chumbani akazitia kwenye pipa lenye mfuniko, na watu walipokuja na homa zao aliwaambia amepumzika, waende zahanati. Wakaona ni unyenyekevu, wakamheshimu zaidi. Sahani yake aliirudisha nusu. Mama Tewa aliacha kumuuliza.

Siku moja, mchana, Vandi akiwa shambani na Mama Tewa ameenda kijitoni, aliona nyumba iko tupu isipokuwa Jebbeh, aliyekuwa barazani akipepeta mchele. Alijua desturi. Mkosaji huja na kola, ile kokwa chungu ya kuombea msamaha, huleta msemaji, humshika mguu aliyemkosea. Msemaji hakuwa naye, maana angempata nani bila kumweleza? Alileta kola peke yake. Nyumba za jirani wanawake walikuwa wakitwanga, michi mitatu ikipokezana, na alifurahi kwa kelele ile.

Aliketi chini, kwenye udongo, chini ya mkwe wake. Jebbeh aliona baba mkwe amekaa chini yake, akataka kuinuka kwa heshima. Mzee akamzuia kwa mkono. Akaweka kola mbele yake. Akasema kwa sauti ndogo yale yote aliyoyapanga kwa wiki mbili. Yalikuwa maneno mazuri. Jebbeh aliyatazama midomoni mwake kama mtu anayetazama mvua upande wa pili wa mto.

Basi akaanza kwa mikono. Akaonyesha sindano, akajidunga chini ya bega. Akaonyesha homa, akajipangusa jasho. Akaonyesha kipakiti kinachanwa, unga unamiminwa, mwiko unazunguka. Akageuza mgongo wake kidogo, kama alivyokuwa akiugeuzia mlango wa kibanda. Akaonyesha damu puani. Akajipiga kifuani kwa kidole: mimi. Mimi. Mzee wa miaka sitini na minane, akicheza mchezo wa bubu mbele ya mke wa mwanawe, jasho linamtoka kwelikweli.

Jebbeh aliweka ungo chini.

"Najua, Baba," alisema.

Tangu masikio yaende hakuwa na kipimo cha sauti yake. Aliisema kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Nilikuona. Dirisha langu lilikuwa mbele ya kibanda. Kila siku ulikuwa ukigeuza mgongo, unachana vipakiti, unakoroga. Uji ulikuwa mchungu hata na sukari. Mwili ulikuwa unaniambia nisinywe."

Mchi mmoja ulinyamaza.

"Nilikuwa nasema moyoni, nikiurudisha, sista atauliza kwa nini. Nitamwambia nini? Kwamba baba mkwe wangu? Nikawa nakunywa. Kwa sababu ni wewe uliyenipa."

Wa pili ukanyamaza. Kisha wa tatu. Kijiji kikawa na ule ukimya ambao hata kuku wanausikia.

Mzee Lahai alikuwa ameinua kidole akikipeleka midomoni, kumwonyesha ashushe sauti. Kidole kilifika nusu ya njia. Nyuma yake, kwenye uzio, alisikia miguu ikisogea, na mtu akimwambia mwingine, njoo, njoo usikie.

Akakishusha kidole. Akausogelea mguu wa Jebbeh, akaushika kwa mikono yote miwili hapo hapo barazani, na akainua kichwa kumtazama, ili aendelee kusema.